Jiko Lililovalishwa Koti

Nyumbani kwetu kila kitu kina nguo. Runinga ina nguo. Feni ina nguo. Pipa la maji lina nguo, na hata mzani wa Mama wa kupimia unga una kikofia chake. Baba yangu ni fundi wa kushona viti vya magari. Vipande vya ngozi vinavyobaki kazini anakuja navyo nyumbani. Akishakuwa na kipande mkononi, macho yanaanza kuzunguka sebule nzima. Bibi, yaani mama yake Baba, anasema yeye hakai sehemu moja muda mrefu, asije akashonewa na yeye.

Kwa hiyo shangazi alipotuletea lile jiko, tulijua litavishwa tu.

Ni jiko la gesi la kuchomea nyama nje. Lina miguu minne, miwili ina magurudumu. Juu lina kifuniko kama cha sanduku. Ukikifungua unaona wavu wa chuma, na chini ya wavu kuna paipu tatu zenye vitundu vidogo vidogo. Moto unatokea kwenye vile vitundu. Mtungi wa gesi unakaa pembeni, na mpira mrefu unatoka kwenye mtungi na kuingia kwenye jiko. Shangazi alikuwa amehamia ghorofani, hana ua tena. Alisema chomeni nyama, mkishiba mnikumbuke.

Tulilitumia mara tatu. Kisha mvua zikaanza, Baba akasema tuliweke stoo.

Siku hiyo tulifanya kazi kweli. Mimi na Mama tulilimwagia maji na sabuni ya unga, ndani na nje. Hata kwenye zile paipu tulimimina maji, tukaona ndiyo usafi. Jioni wingu likawa zito. Baba akalivalisha nguo yake kabla halijakauka. Na haikuwa nguo, lilikuwa koti. Ngozi nyekundu, nzito. Ndani aliweka sponji kama ya kiti cha gari. Chini aliweka lastiki ya kubana. Majirani walikuja kulitazama, na mmoja alimuuliza Baba kama anashona na ya watu.

Mtungi hatukuutoa kwenye mpira wake. Baba alisema ukikaa nje utaibiwa. Basi ukaingia stoo pamoja na jiko, na ile lastiki ya koti ikapita juu ya mpira, ikaukaba. Stoo yetu haina dirisha. Mlango wake unatokea chumbani kwa Bibi.

Miezi mitatu hakuna aliyefungua stoo ile. Mpaka Mama alipoitwa ofisini.

Mama ni msaidizi wa mpishi kwenye shule ya chekechea. Miaka sita anamenya, anaosha, anakoroga akiambiwa koroga. Mpishi mkubwa alikuwa amestaafu. Jumatatu ile mwalimu mkuu alimwita Mama, akamwambia Jumamosi wazazi watakuja shuleni, kama sitini hivi. Anataka kuku wa kuchoma, pale pale uani, wazazi wakiona kinachopikwa. Mama akiiweza kazi hiyo, jiko la shule atalishika yeye. Asipoiweza, ataletwa mtu kutoka nje, na Mama ataendelea kumenya.

Mama alitueleza haya akiwa bado amevaa aproni. Aliivua, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nimemwambia nina jiko langu la kuchomea," alisema. "Nimeshasema. Siwezi kurudi nyuma."

Baba akamwambia asiwe na wasiwasi. Jiko limefunikwa, halijaguswa hata na vumbi.

Sasa, hapo nyumbani kulikuwa na jambo jingine, ila hatukujua kwamba ni jambo hilohilo.

Wiki mbili nyuma Bibi alianza kulalamika kwamba chumbani kwake kuna harufu. Alisema ni kama kabichi iliyooza. Mama akaingia, akanusa, akasema ni panya amekufa. Tukamtafuta panya. Tulitoa kitanda, tukatoa magodoro, tukatoa sanduku la Bibi ambalo halijawahi kutolewa tangu nizaliwe. Hatukuona panya. Baba akanusa na yeye, akasema hiyo si panya, ni viatu vyangu vya shule. Nikaosha viatu. Harufu ikabaki. Mama akapuliza manukato. Hapo ikawa mbaya zaidi, maana sasa kilikuwa chumba cha kabichi iliyokwenda harusini.

Bibi akaanza kuamka na kichwa kinamuuma. Tukasema ni uzee. Yeye akasema uzee anao siku nyingi na haujawahi kunuka.

Mimi nilikuwa na wazo. Darasani tulifundishwa kwamba gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe. Inatiwa harufu mbaya makusudi, ili ikivuja watu wajue. Lakini mwalimu alisema inanuka kama mayai yaliyooza. Bibi alisema kabichi. Nikawaza, mayai si kabichi. Labda nakosea. Watu wazima watatu wamenusa, wamesema panya, wamesema viatu. Mimi ni nani niseme gesi? Nyumbani wananiita Kimya, na jina lenyewe sikupewa bure. Nikanyamaza.

Alhamisi Baba alirudi mapema kazini. Akafungua stoo, akalisukuma jiko mpaka uani pamoja na mtungi wake. Alitaka Mama alijaribu kabla ya Jumamosi. Akalivua koti kwa fahari, kama mtu anayefungua zawadi.

Alibaki nalo mkononi.

Sponji ilikuwa imelowa, ina ukungu mweusi. Kifuniko kilikuwa na madoa ya kutu. Wavu wote umekuwa rangi ya udongo. Mafuta ya kuku wa mara ya mwisho yalikuwa bado kwenye trei ya chini ya kuyakingia, ambayo siku ile ya kuosha tuliisahau, yameganda, na mende wawili wakakimbia.

Baba alilizunguka jiko mara mbili. Alishika sponji, akaiminya, maji yakatoka. Aliniangalia mimi, akamwangalia Mama, akaangalia juu kama vile kuna dari pale uani.

"Maji yameingilia wapi?" aliuliza. "Nimefunika kila mahali."

Mama alisema hayo ni ya baadaye, kwanza tuone kama linawaka. Baba akafungua koki ya mtungi. Ajabu ni kwamba ilikuwa tayari wazi kidogo, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyeifungua. Akafungua na koki ndogo za jiko, zote tatu. Kisha ndipo akanituma kiberiti. Kifuniko kilikuwa kimefungwa muda wote huo. Nikaleta kiberiti, Baba akawasha njiti, akanirudishia kiberiti, akainua kifuniko, na puu, moto ukaruka. Alirudi nyuma mpaka akakaa kwenye ndoo. Nyusi yake moja ilikuwa imepungua.

Tulipoangalia tukazidi kuchanganyikiwa. Paipu ya kushoto haina moto kabisa. Ya katikati ina moto wa njano, mrefu, unatoa masizi. Ya kulia moto hautoki juu kwenye vitundu, unawaka chini, karibu na koki. Mama alisema gesi imekwisha. Baba alisema haijaisha, ila gesi ya siku hizi ni mbovu. Mama akasema kama ni mbovu mbona upande mwingine unawaka. Baba akasema labda jiko limekasirika kuhamishwa. Akafunga zile koki ndogo tatu, moto ukazimika.

Bibi alikuwa ametoka mlangoni kutuangalia. Akanusa. Akanusa tena.

"Mbona panya wenu amehamia nje?"

Baba akasimama. Akainama karibu na mtungi, akanusa mpira, akakunja uso. Akasema kumbe inavuja hapa. Akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka.

"Kimya, lete kiberiti. Tupitishe moto hapa, tutaona inapotokea."

Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu. Nilijua nikikitoa nini kinaweza kutokea, na nilijua pia kwamba mtoto hakatai kumpa baba yake kitu. Nikakificha nyuma ya mgongo.

"Sitoi, Baba," nilisema. "Hiyo ni gesi. Ni gesi iliyokuwa inanuka kwa Bibi. Ukiwasha tutaungua. Tumwite Mama Mitungi."

Wote watatu walinigeukia. Sidhani kama walisikia maneno yote. Nafikiri walishangaa kwamba nina sauti. Lakini Mama alisikia neno Bibi, akauangalia mlango wa chumba kile, na uso wake ukabadilika. Akaninyang'anya kiberiti, akakitia ndani ya blauzi yake, akaniambia kimbia.

Mama Mitungi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anafanya kazi kwenye ghala la gesi, kazi yake ni kukagua mitungi inayorudi. Ana mabega mapana na anabeba mtungi kama mtu anavyobeba kikapu cha nyanya. Nilimkuta anavua buti. Nilipomwambia, akazivaa tena.

Alipofika hakusalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akafunga koki mpaka mwisho. Kisha akauliza mtungi huu ulikuwa wapi. Tukamwonyesha. Akauliza nani yuko ndani. Tukasema hakuna. Akaagiza milango yote na madirisha yote yafunguliwe, na mtu asiguse swichi ya taa.

Baba akauliza, kama taa imeshawaka aende akaizime.

"Usiizime pia, shemeji. Swichi ikiguswa inaweza kutoa cheche. Iache ilivyo."

Baba akasema haelewi, taa ikiwashwa kosa, ikizimwa kosa. Mama Mitungi akamwambia kwa leo asielewe, afuate tu, ataelewa akiwa hai. Bibi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameanza kuhesabu usiku aliolala na mtungi ule nyuma ya mlango.

Tulikaa uani karibu saa nzima huku nyumba ikipigwa na hewa. Ndipo Mama Mitungi akaomba sabuni na maji kidogo kwenye bakuli. Akavuruga mpaka povu likapanda. Akaupaka mpira wa gesi lile povu kwa brashi ya kupakia rangi, akafungua koki ya mtungi kidogo sana. Mahali pamoja kwenye mpira povu likaanza kuvimba, likapasuka, likavimba tena, kama mtoto anayepuliza mate. Pale pale palikuwa na alama ya lastiki ya koti. Mpira ulikuwa umebanwa miezi mitatu mpaka ukapasuka, na koki ya mtungi hatukuwa tumeifunga vizuri tangu siku ile.

"Hivi ndivyo inavyotafutwa inapovuja," alisema, akaifunga koki. "Kwa povu. Moto hautafuti gesi, moto unaipata."

Baba aliangalia ile alama. Kisha akauliza kitu ambacho na mimi nilikuwa nacho kichwani. Kwa nini moto ulikuwa unawaka ovyo? Mpira ukipasuka, paipu zinahusikaje?

Mama Mitungi akasema hiyo ni habari nyingine. Akatoa wavu, akachomoa paipu moja, akaiweka machoni kama darubini. Akanipa na mimi nichungulie. Sikuona upande wa pili. Akaingiza brashi nyembamba ya kusafishia chupa, akaivuta. Ikatoka na utando mweupe wa buibui, na ndani yake mayai. Paipu ya pili ilikuwa na matope madogo, nyumba ya nyigu. Ya tatu ilikuwa na kutu inayomomonyoka.

Alieleza taratibu, na mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza zaidi. Gesi ikiingia kwenye paipu inatakiwa ichanganyike na hewa. Ikipata hewa ya kutosha, moto unakuwa wa buluu. Paipu ikiziba, hewa haitoshi, moto unakuwa wa njano na unatoa masizi. Ikiziba zaidi, gesi inarudi nyuma na kuwakia kwenye koki. Wadudu wanapenda paipu hizi kwa sababu ni giza na zimetulia. Na koti letu liliwawekea joto na unyevu juu yake.

"Shemeji, kazi yako ni nzuri, sijaona mshono kama huu," alimwambia Baba. "Lakini jiko halisikii baridi. Umelivalisha likiwa limelowa, ukaweka na sponji. Sponji inakunywa maji na haiyatoi. Jiko linatakiwa lipumue."

Baba alisema basi halitafunikwa tena. Mama Mitungi akasema hapana, lifunikwe. Baba akakaa kwenye ndoo yake.

"Nifunike au nisifunike?"

Lifunikwe, akasema, likiwa limepoa na limekauka, kwa kitu chepesi kisichopitisha mvua, chenye matundu ubavuni ya kupitisha hewa. Na lisibanwe chini.

Mama na yeye alikuwa na fujo zake kichwani. Alisema yeye ameliosha kwa sabuni, sasa anaambiwa kuna kutu. Tena Mama Mitungi mwenyewe ametoka kupaka sabuni mbele yetu. Sabuni ni nzuri au mbaya? Mama Mitungi akacheka, akasema wavu na trei unaosha kwa maji ya moto na sabuni, unasuuza, unakausha. Mwili wa jiko unaufuta kwa kitambaa kilicholowa. Paipu humwagii maji. Paipu unazipiga brashi kavu, na vitundu unavizibua kwa waya mwembamba. Si kwa kijiti cha meno, kikikatika ndani umeongeza tatizo.

"Na mtungi?" Bibi aliuliza. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

"Mtungi haulali ndani ya nyumba, mama yangu. Uwe umejaa, uwe mtupu. Unakaa nje, umesimama wima, kivulini, koki imefungwa, mpira umetolewa. Jiko bila mtungi linaweza kukaa stoo. Mtungi hapana."

Baba akasema na wezi je. Mama Mitungi akamwambia atengeneze kizimba cha nondo nyuma ya nyumba, akifunge kwa kufuli, lakini kiwe wazi pande zote ili gesi ikivuja iondoke na upepo.

Mama alikuwa amekunja mikono. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Jumamosi ni keshokutwa, na wazazi ni sitini. Kama jiko haliwezekani, bora amwambie mwalimu mkuu sasa, aaibike mapema kuliko kuaibika mbele ya watu.

Mama Mitungi alilitazama jiko. Akagonga chuma chake hapa na pale, akasikiliza. Akasema kutu ni ya juu, haijala ndani. Mpira mpya ataleta yeye kesho kutoka ghalani, pamoja na bangili zake mbili za kukazia.

"Leo haliwaki," alisema. "Kesho ni siku ya kusugua. Mkisugua kweli, Jumamosi mtachoma."

Ijumaa nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Mama ameshaanza. Tulisugua wavu kwa brashi ya waya mpaka mikono ikafa ganzi. Mama Mitungi alikuwa ametuonya tuikague ile brashi, maana waya zikianza kung'oka zinaweza kubaki kwenye wavu na kuingia kwenye nyama ya mtu. Tukasuuza, tukakausha, tukapaka mafuta ya kupikia kidogo kwa kitambaa ili kutu isirudi. Trei nilikwangua mimi. Yale mafuta yaliyoganda nilitia kwenye mfuko, na nikajua kwa nini mende walikuwa wamenenepa. Paipu nilizipiga brashi, nikachukua waya, nikazibua kitundu kimoja kimoja. Nilihesabu mia moja na nane. Bibi alikuwa anakaa pembeni akinikagua.

"Hicho umekiruka, mke mwenzangu," alikuwa anasema, na kila nilipoangalia, kweli nilikuwa nimekiruka.

Baba hakwenda kushona viti siku hiyo. Alikata turubai jepesi, akaweka wavu wa mbu ubavuni pawe matundu ya hewa, akaacha chini wazi. Alipomaliza alilikunja, akaliweka, hakulivalisha. Alisema anasubiri aruhusiwe.

Jioni jua likiwa bado lipo Mama Mitungi alikuja na mpira mpya. Akaufunga, akapaka povu kila kiungo. Povu likatulia. Kisha akarudi nyuma, akasema yeye hawashi, anawasha mwenye kazi.

Mama akasogea. Alirudia kwa mdomo kila alichofanya. Kifuniko kwanza, kiwe wazi. Kiberiti kiwe mkononi tayari. Koki ya mtungi, polepole. Kisha koki moja tu ndogo, na moto hapo hapo. Usipowaka, funga zote, acha kifuniko wazi, subiri dakika tano ndipo ujaribu tena.

Uliwaka. Moto mfupi wa buluu, umejipanga kwenye vile vitundu toka mwanzo hadi mwisho. Baba aligusa nyusi yake, akauliza mbona jana haukuwa na adabu hii. Mama alikuwa anaangalia moto kama mtu anayesoma barua.

Jumamosi tulilisukuma jiko mpaka shuleni, mtungi ukiwa peke yake kwenye toroli, umesimama. Mama aliliweka mbali na ukuta na mbali na turubai la kivuli, ingawa mwalimu mkuu alitaka likae kivulini ili lipendeze. Mama alimwambia hapana, juu yake pawe wazi. Sikuwahi kumsikia Mama akimwambia mwalimu mkuu hapana. Nafikiri na mwalimu mkuu hakuwahi kusikia, maana alifungua daftari lake akaandika kitu, na sikujua ni kizuri au kibaya.

Kuku wa kwanza walitoka vizuri. Wa pili pia. Wazazi wakaanza kusogea na sahani. Ndipo mafuta ya kuku mmoja mnene yakadondoka, na moto ukaruka kutoka chini ya wavu, juu kuliko kifuniko. Watoto wakapiga kelele. Mzazi mmoja, baba mwenye shati jeupe, akachukua jagi la maji mezani akaja mbio.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale pale na daftari.

"Baba, rudisha maji," Mama alisema, wala hakupaza sauti. "Maji yakikutana na mafuta yanayowaka, moto unatawanyika."

Alimvuta kuku kwa koleo akamweka pembeni. Akafunga koki ya paipu ile. Akashusha kifuniko. Akasubiri, mkono kiunoni, kama anayesubiri chai ichemke. Alipokiinua, moto ulikuwa umekufa wenyewe. Akawasha tena, akaendelea kugeuza kuku. Baba wa shati jeupe alibaki na jagi lake, mwishowe akajimiminia, akanywa.

Walikula wote sitini, na wengine ambao sijui waliitwa na nani.

Saa kumi watu walikuwa wameondoka. Mwalimu mkuu alikuja kwa Mama na bunda la funguo mkononi. Alimwambia ameiona kazi yake, na angependa waingie ofisini waongee. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameweka moto mkubwa na kufunga kifuniko, wavu ukiwa mtupu.

"Naomba unisubiri, mwalimu," Mama alisema. "Linajiunguza uchafu. Likipoa kabla sijalipiga brashi, nitasugua mpaka kesho."

Mwalimu mkuu aliangalia saa. Aliangalia mlango wa ofisi. Kisha akavuta kiti kimoja cha watoto wa chekechea, kile cha rangi ya machungwa, akakaa. Magoti yalimfika karibu na kidevu. Akauliza ni muda gani. Mama akamwambia kama robo saa hivi.

Akakaa robo saa nzima. Alimwona Mama akifunga koki ya mtungi kwanza, akisubiri gesi iliyobaki kwenye mpira iungue iishe, ndipo akafunga zile ndogo. Alimwona akipiga brashi wavu ukiwa bado wa moto. Aliuliza habari ya trei, Mama akasema hiyo mpaka ipoe, itamwagwa leo leo. Aliuliza habari ya kufunika, na Baba, aliyekuwa amekaa na turubai lake mapajani muda wote, akamjibu kwa upole kwamba bado, lina joto.

"Jumatatu utaanza na kitu gani?" mwalimu mkuu aliuliza kutoka kwenye kile kiti.

Mama alifikiri kidogo.

"Na mtungi wenu wa jikoni. Umekaa ndani ya kabati, miaka sita nauona, na sikujua."

Mwalimu mkuu alifunua daftari, akaandika, akainuka kwa shida, akanyoosha mkono wenye funguo. Mama aliangalia viganja vyake, vilikuwa vyeusi kwa masizi na mafuta. Akaenda bombani, akanawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa aproni. Ndipo akazipokea.